Jinsi ya kuikata televisheni vipande: mwongozo wa video ya sanaa kwa anayeanza

Maswali ya wanaoanza ni yale yale kila mara. Picha za matangazo nitazipata wapi kama sina kompyuta ya maana? Nikizitumia nitashtakiwa? Na mbona video niliyoitengeneza ili kuisema televisheni imetoka inafanana na tangazo jingine, tena zuri tu? Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo litakalokula nafasi kubwa hapa chini.

Tutakachotengeneza ni video ya dakika tatu hivi, inayojirudia bila kukoma, iliyotokana na matangazo yanayopita kwenye skrini zetu kila jioni. Haina mtangazaji wala mtaalamu wa kuhojiwa, na hakuna sauti nzito inayomwambia mtazamaji afikiri nini. Ukitaka kueleza, tengeneza makala ya habari. Ni kazi ya heshima na ina taratibu zake. Hapa tunachukua picha ambayo watu wameizoea mpaka hawaioni, tunaikata, tunairudia, mpaka waione.

Mfano wangu ni Mmaasai wa kwenye tangazo. Unamjua. Shuka nyekundu, fimbo mkononi, nyasi kavu nyuma yake, na Kilimanjaro kwa mbali ikiwezekana. Anaruka, anacheka, anatoa simu ndani ya shuka, na mtandao unashika mpaka porini. Au ni yule mlinzi wa kwenye vichekesho, ambaye lafudhi yake ndiyo kichekesho chenyewe. Tanzania ilikuwa na waziri mkuu Mmaasai, Edward Sokoine, tena kwa vipindi viwili, lakini ukimuuliza mtoto wa mjini Mmaasai ni nani atakuchorea yule wa kwenye tangazo. Wewe si lazima umchukue huyu. Kuna bibi wa Pwani anayeonekana mwezi wa Ramadhani tu, amekaa na tende na jagi la sharubati, halafu anapotea mpaka mwaka unaofuata. Kuna mama ambaye furaha yake yote iko kwenye sabuni. Hatua ni zile zile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) na idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda kila sekunde ya video). Kama kamera ya simu yako haina mpangilio huo, pakua programu ya kamera inayokupa.
- Televisheni na king'amuzi. Televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye kitako kirefu, ukiipata usiikatae. Itakufaa siku ya kuonyesha.
- Programu ya kuhariri. Kwenye simu CapCut inatosha kuanzia. Kwenye kompyuta, Kdenlive na Shotcut ni za bure na hazidai mashine yenye nguvu. DaVinci Resolve ina toleo la bure lakini kwenye kompyuta dhaifu itakutesa.
- Flashi ya GB 16 au zaidi, na nafasi ya kutosha kwenye simu.
- Kitu cha kusimamishia simu. Tripodi ndogo, au rundo la vitabu.
- Daftari na kalamu. Hivi watu huviruka, halafu wakifika hatua ya sita wanakwama.

Bando kubwa hulihitaji. Kazi nyingi inafanyika nje ya mtandao.

Hatua

1. Tazama kwanza, rekodi baadaye.

Jipe wiki nzima ya kutazama matangazo kana kwamba ndicho kipindi chenyewe. Kaa kwenye saa ambazo nyumba nyingi zimewasha: kwa Tanzania ni karibu na taarifa ya habari ya saa mbili usiku; Kenya, habari za Kiswahili huwa saa moja jioni na za Kiingereza saa tatu. Kwenye daftari chora safu tano: nani anaonekana, amevaa nini, yuko wapi, anasema nini na kwa lafudhi gani, na nani hayupo. Safu ya tano ndiyo yenye mali. Ukifika katikati ya wiki utaanza kuona, kwa mfano, kwamba Mmaasai wa tangazo hana mke, hana mama, hana nyumba ya bati, na hajawahi kupanda daladala.

Kama una mzee nyumbani, mkalishe umuulize tangazo la kwanza kulikumbuka. Zanzibar walipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara tulisubiri mpaka 1994. Maana yake ni kwamba bado wapo watu wengi waliokulia redio tupu na wanaokumbuka vizuri siku sura za wageni zilipoingia sebuleni. Mrekodi kwa simu akikubali. Sauti hiyo inaweza isitumike, ila itakuonyesha nini kilikuwa kigeni kabla hakijawa cha kawaida.

2. Chagua tendo moja.

Tendo, nasema, usichague mada. "Utamaduni wetu" hauingii kwenye dakika tatu, na "vyombo vya habari na utambulisho" ni kichwa cha tasnifu. Tafuta kitu ambacho mwili unafanya na kinachoonekana kwa macho: kuruka, kutoa simu ndani ya shuka, kugeuka na kucheka kwa kamera.

Mwalimu wetu katika hili ni Dara Birnbaum wa New York. Kati ya 1978 na 1979 alichukua vipande vya tamthilia ya Wonder Woman iliyokuwa ikipendwa Marekani, akaachana na hadithi yote, akabaki na tukio moja: mwanamke wa ofisini anazunguka, mlipuko wa mwanga, tayari ni shujaa mwenye vazi la kuogelea. Akalirudia, na kulirudia tena. Video nzima haifiki dakika sita. Hakusema neno lake hata moja, lakini ukitoka pale umeshajiuliza kwa nini, ili mwanamke apate nguvu, ilibidi kwanza avuliwe.

Jaribio la kujua kama umechagua vizuri: mweleze mtu tendo lako kwa sentensi moja bila kutumia neno "jamii". Ukishindwa, rudi kwenye daftari.

3. Nasa picha.

Kuna njia tatu, na mimi nina upande wangu.

Njia ya kwanza ni kupakua tangazo kutoka chaneli ya YouTube ya kampuni yenyewe. Picha ni safi. Lakini imekatwa mbali na maisha yake: haina nembo ya kituo pembeni, haina mstari wa habari unaokimbia chini, haina kipindi kilichotangulia.

Njia ya pili ni kunasa moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi. Vingine vinarekodi kwenye flashi lakini faili halichezi kwingine. Vifaa vidogo vya kunasa vya USB vinauzwa maduka ya vifaa vya umeme, ila ukichomeka kwa HDMI mara nyingi utaona skrini nyeusi kwa sababu ya kinga ya kunakili. Usipoteze siku kupambana nayo.

Njia ya tatu, ambayo naipenda, ni kuirekodi televisheni yenyewe kwa simu, na ukingo wake uonekane. Mtazamaji ajue anatazama kitu kinachotazamwa. Na kama pembeni kunaonekana kitambaa cha kufuma juu ya meza na rimoti iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, usivitoe. Tangazo linasema porini mtandao unashika. Rimoti inasema ya kwake.

Kwa njia hii ya tatu zingatia yafuatayo. Panga simu irekodi fremu 25 kwa sekunde na shata iwe 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50 na matangazo yetu yanarushwa kwa mpangilio wa fremu 25, kwa hiyo ukiacha simu kwenye 30 utapata mistari inayopanda na kushuka. Ongeza mwanga wa televisheni mpaka mwisho, halafu punguza mwanga kwenye simu. Televisheni nyingi za LED zikipunguzwa mwanga huwa zinapepesa bila jicho kuona, lakini kamera inaona. Zima taa ya sebuleni inayopiga kwenye kioo. Funga fokasi isihangaike.

*Onyo:* usirekodi tangazo moja mara moja. Lirekodi kila linapopita kwa siku kadhaa. Utahitaji uchafu wake: mara limekatwa na habari za dharura, mara umeme umeyumba, mara kuna mtoto amepita mbele.

4. Panga mafaili.

Kila klipu ipe jina lenye tarehe, saa na tendo: `0412_2005_kuruka`. Weka nakala kwenye flashi. Basi.

5. Piga picha zako mwenyewe.

Hapa ndipo video nyingi za wanaoanza zinapokufa. Wanakata matangazo tu, na matokeo yake ni rundo la matangazo. Lazima kuwe na picha ambayo televisheni isingeipiga.

Kwa mfano wangu, nilikokwenda ni kwa wasusi. Dar es Salaam na Zanzibar kuna vijana wa Kimaasai wanaosuka nywele za kina dada, wamekaa kwenye viti vya plastiki, vidole vinakwenda kasi ya ajabu. Kipande ninachokipenda ni cha mikono tu. Kidole gumba kinachovuta uzi, kinapakwa mafuta, kinarudi. Nyuma yake kuna redio, kuna mtu anadai chenji. Msusi amevaa shuka ile ile nyekundu ya kwenye tangazo, lakini hapa ukingo wake umepauka kwa jua na una alama za mafuta ya nywele. Sekunde ishirini za hivyo bila kukata, na tangazo linaanza kujieleza lenyewe.

Sasa, taratibu. Jitambulishe kabla ya kutoa simu mfukoni. Mweleze kwamba picha yake itakaa karibu na picha za matangazo, na umwonyeshe mfano kwenye simu. Ukisema tu "nafanya sanaa" hujamweleza kitu. Muda wake ni pesa, kwa hiyo mlipe anachopoteza kwa kukaa na wewe, na mkubaliane kabla ya kurekodi. Chukua ridhaa kwa maandishi au kwa sauti, kwa lugha anayoielewa vizuri. Akisema uso usionekane, usionekane. Na usimwombe aruke. Umekuja kuihoji picha ya mtu anayeruka. Ukimwomba aruke umefungua kampuni ya matangazo.

Kama jamii unayoizungumzia si yako, kuna njia nyingine ya haki: jiweke wewe mtazamaji. Jirekodi ukitazama tangazo, mwanga wa skrini usoni. Wasanii wengi wametumia miili yao wenyewe kwa kazi ya namna hii. Ingrid Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyehamia Ujerumani akiwa kijana, ana video ya mwaka 2000 ambamo anazipanga nywele zake usoni kama vinyago huku akizungumzia jinsi anavyoitwa na kutazamwa kule. Hakuhitaji kumtafuta mtu mwingine wa kumpiga picha.

6. Kata.

Hii ndiyo kazi. Tenga muda wa kutosha na usifanye usiku ukiwa umechoka, kwa sababu unahesabu fremu.

Chukua klipu moja ya sekunde nne. Tuseme ni ile ya kutoa simu ndani ya shuka. Weka alama tatu: A, mkono unapoingia, B, simu inapotokea, C, tabasamu linapokamilika. Kisha:

a) Cheza klipu nzima mara moja, na sauti yake. Mtazamaji apumzike, aseme "aa, tangazo lile".

b) Rudia A mpaka B mara mbili. Sasa anajua kuna kitu.

c) Rudia B mpaka C mara tano. Hapa watu hucheka. Waache wacheke.

d) Punguza mpaka fremu 12, yaani nusu sekunde, urudie mara nane au tisa. Kicheko kinakatika hapa, na ndicho unachokitafuta. Ukiishia kwenye (c) umetengeneza kichekesho, na vichekesho vya Mmaasai tunavyo vya kutosha.

e) Sogea kwenye fremu za mwisho kabisa za tangazo. Ukiwa na bahati, mhariri wao alichelewa kukata kidogo na tabasamu limeanza kushuka. Ni fremu tatu, nne tu: mdomo bado uko wazi ila macho yameshatoka kazini. Zipunguze kasi mpaka robo. Ni mahali pekee kwenye video nzima ninapokuruhusu mwendo wa polepole.

f) Nyeusi, sekunde moja.

g) Picha yako ya hatua ya 5, sekunde ishirini, bila kuigusa.

Hapo unakaribia dakika moja. Kwa dakika ya pili tafuta tangazo la kampuni nyingine lenye tendo lile lile. Yapo, ndiyo maana ulitazama wiki nzima. Yaunganishe katikati ya tendo: mtu anaruka kwenye tangazo la simu, anatua kwenye tangazo la maji ya kunywa. Panga kichwa chake kiwe sehemu ile ile ya skrini kabla na baada ya kukata, na kata akiwa juu kabisa, miguu haijaanza kushuka. Ukifanya vizuri jicho halioni mkato, linaona mtu mmoja aliyeajiriwa na kampuni mbili zinazoshindana. Hakuna maelezo yatakayozidi hayo.

Dakika ya tatu iamue mwenyewe. Wengine wanarudi kwenye (a), klipu nzima bila kuguswa, ambayo kwa sasa haitazamiki tena kwa amani.

*Onyo:* usiweke vumbi la filamu ya kale, usigeuze rangi iwe nyeusi na nyeupe, usiweke mpito wa kuzunguka wala kuyeyuka. Hayo yote ndiyo mavazi ya tangazo. Mkato mkavu tu.

7. Sauti.

Matangazo mengi yakifika mwisho husikika sauti ya haraka haraka: "vigezo na masharti kuzingatiwa". Itoe, iweke peke yake, ipunguze kasi mpaka isikike vizuri, uiweke chini ya picha ya mikono ya msusi. Ndiyo yote nitakayokwambia kuhusu kipande hicho.

Rekodi pia dakika moja ya sebule tupu: feni, vyombo jikoni, jenereta la jirani. Iweke chini ya video nzima kwa sauti ndogo, la sivyo kila mkato utasikika kama mlango unaobamizwa. Unaporudia fremu 12, irudie na sauti yake. Mlio wa nusu sekunde ukirudiwa unageuka ngoma ambayo hukuipiga wewe. Ngoma yako mwenyewe usiiweke. Muziki wa "asili" wa kupakua mtandaoni hasa usiuguse, maana huo ndio unaouza safari za watalii.

8. Maandishi, kama ni lazima.

Mwaka 1973 Richard Serra na Carlota Fay Schoolman walitengeneza video ya maandishi matupu yanayopanda kwenye skrini ya bluu, na muziki laini wa dukani nyuma yake. Maandishi yanasema kwamba kinachouzwa na televisheni ni wewe mtazamaji, na mteja ni mwenye tangazo. Yalifanya kazi kwa sababu hapakuwa na picha ya kushindana nayo. Wewe una picha. Kwa hiyo maneno yasizidi sita kwa wakati mmoja, na yawe yameokotwa kwenye matangazo yenyewe. Sentensi ya kufundisha ukiiona, ifute.

9. Toa faili.

Kwenye mpangilio wa kutoa faili chagua MP4, H.264 (namna ya kubana video), 1080, fremu 25 kwa sekunde. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, dakika tatu zitakuwa kama MB 225, zinaingia popote. Usichague H.265, televisheni nyingi za zamani haziisomi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo fremu zako 12 zitasagwa ziwe uji.

10. Onyesha.

Birnbaum aliionyesha video yake kwenye dirisha la saluni ya nywele mtaa wa SoHo, huko New York, wapita njia wakaiona wakiwa na mifuko ya sokoni. Sikiliza ushauri huo. Kabla ya kupiga hodi kwenye vituo vya sanaa kama Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, au GoDown ya Nairobi, nenda kibanda umiza, kile cha kutazamia mpira. Mwombe mwenye kibanda dakika kumi kabla ya mechi, wakati watu wameshakaa na hawana la kufanya, iache ijirudie mara tatu. Kaa upande wa skrini uwaangalie watu, usiiangalie video. Andika ni wapi walicheka, wapi walinyamaza, wapi walitoa simu mfukoni.

Ukipata televisheni ya chogo iweke juu ya stuli ya kawaida au kabati la vyombo, mahali ilipozoea kukaa. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV, kifaa kidogo tu. Maandishi madogo yatapotea humo, kwa hiyo yajaribu mapema.

Kuhusu sheria

Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Kenya kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Zote zina nafasi ya kunukuu au kukosoa kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa, lakini nafasi hiyo ina mipaka: tumia kiasi kinachohitajika tu, na taja chanzo. Kwa hiyo mwishoni mwa video orodhesha matangazo uliyotumia, kampuni, kituo na tarehe. Tangazo zima lililowekwa mwanzo mpaka mwisho bila kuguswa ni vigumu kulitetea. Sekunde nne zilizokatwakatwa ni rahisi zaidi. Zaidi ya hapo, onyesho la hadhara linaweza kuhitaji kibali cha Bodi ya Filamu kwa Tanzania, au cha bodi ya uainishaji filamu kwa Kenya. Waulize mapema, siyo asubuhi ya siku yenyewe. Na kama video itauzwa, ona mwanasheria.

Mambo yakikwama

*Mistari bado inapanda kwenye picha.* Jaribu shata 1/100. Ikishindikana badili televisheni; baadhi ya LED za bei nafuu haziponi.

*Kuna mawimbi ya rangi kama kitambaa cha hariri.* Umbali wa simu na skrini ndio unaoyaleta. Sogeza simu mbele au nyuma, au legeza fokasi kidogo sana.

*Watu wanacheka mpaka mwisho.* Hatua ya 6(d) ni fupi. Ongeza marudio mpaka uchoke wewe, kisha ongeza mawili. Au picha yako ya hatua ya 5 ni nzuri mno: mwanga mtamu, rangi kali. Rudia kwa mwanga wa kawaida wa mchana.

*Watu wanasema hawajaelewa.* Waulize wameona nini, usiwaulize wameelewa nini. Wakikuambia "nimeona yule jamaa anachoka", kazi imefika. Wakisema "nimeona matangazo", picha yako imezidiwa. Irefushe iwe sekunde thelathini.

*YouTube imeifungia sauti.* Ni muziki wa tangazo, mashine imeutambua. Kata muziki ubakize mlio mfupi na sauti ya sebule, au pinga ukieleza kwamba ni ukosoaji. Kupinga huchukua muda, usipange onyesho kwa kutegemea jibu lake.

*Televisheni haioni faili kwenye flashi.* Fomati flashi kwa FAT32, faili lipe jina fupi lisilo na nafasi wala alama.

*Inapojirudia kuna kuruka kwa mwanga.* Maliza na nyeusi ya sekunde moja na anza na nyeusi ya sekunde moja. Vichezeo vingi huchelewa hapo katikati, nyeusi inaficha. Ukitumia programu ya kuchezea video ya VLC, washa kurudia na uzime jina la faili linalotokea mwanzoni.

*Mtu uliyempiga picha amebadili mawazo.* Mtoe. Usibishane wala usimkumbushe ridhaa aliyotoa. Toa faili upya, futa la zamani kwenye simu, kompyuta na kwenye mtandao, kisha rudi kwa mwenye kibanda umiza ukachukue flashi uliyomwachia, maana hiyo ndiyo huwa inasahaulika.